Akaunti yako inaumwa nini? Dalili, chanzo na tiba kutoka meza ya fundi simu

Meza yangu ipo Tandika, Dar es Salaam, pembeni ya soko, na kazi yangu ni kutengeneza simu. Wiki haipiti bila kuletewa simu ambayo nikiipima sioni kilichokufa. Chaji inaingia, betri inashika, kioo kizima, laini inasoma. Lakini mwenyewe amesimama mbele yangu amekunja uso: bando halikai, simu imekuwa nzito, WhatsApp imedukuliwa, mwaka mzima naweka picha za biashara na sijapata mteja. Hapo bisibisi naiweka chini, namvutia kigoda, namwambia, "Hebu nionyeshe unavyoitumia."

Nimekusanya hapa yale yanayojirudia, nikifuata utaratibu wangu wa mezani: dalili, chanzo, halafu cha kufanya. Inaniuma kuona mama ntilie anapoteza jina zuri alilolijenga miaka kumi kwa sababu ya tarakimu sita alizomsomea mtu asiyemjua, wakati kinga yake ingemchukua dakika mbili.

Kipimo cha kwanza

Kabla sijagusa mipangilio yoyote nauliza: akaunti hii umeifungua ikufanyie kazi gani? Wengi hunyamaza. Wengine hujibu, "Nipo tu, kama watu wote." Basi nusu ya ugonjwa imeshaonekana. Ukimweka kijana dukani bila kumpa kazi, atafanya atakayoyakuta, na anayepita barabarani ndiye atakayempangia siku yake. Akaunti ni hivyo hivyo. Usipoipa kazi, wenye programu wataipa kazi yao, ambayo ni kukuweka hapo muda mrefu uangalie matangazo.

Sema kazi hiyo kwa sentensi moja, kwa sauti. Dada mmoja mshonaji alijaribu mara tatu hapa mezani. Kwanza akasema, "Nataka nijulikane." Nikamuuliza, ujulikane na nani? "Na wateja." Wateja wapi, wa nini? Akafikiri kidogo, akasema, "Nataka mabibi harusi wa Temeke na Mbagala waone magauni niliyoshona, wanipigie, waje kupimwa." Hiyo sasa ni kazi. Kwa sentensi hiyo aliweza kuamua mwenyewe, bila mimi, picha gani ziwekwe na zipi ziondoke, namba ipi iandikwe, nani wa kumfuata na nani wa kuachana naye.

Kama una kazi mbili, tenga akaunti mbili. Picha za mtoto wako na picha za mashuka unayouza zisilale chumba kimoja, maana wanaokuja kununua mashuka huwajui.

Dalili: bando linaisha, simu imejaa

Mara nyingi chanzo ni WhatsApp inayojipakulia kila picha na kila video inayodondoka kwenye magrupu. Ingia kwenye mipangilio, sehemu ya hifadhi na data. Pale penye kupakua kwenyewe, ondoa video, sauti na nyaraka kwa matumizi ya data ya simu. Picha bakiza ukipenda, mimi huondoa zote. Kisha fungua sehemu ya kudhibiti hifadhi, itakupangia mazungumzo kwa uzito, na karibu kila simu ninayoifungua linaloongoza ni grupu la kamati ya harusi iliyokwisha siku nyingi. Toka humo. Salamu za kuaga zinatosha, hakuna atakayekasirika.

Facebook, Instagram na TikTok zote zina mahali pa kupunguza matumizi ya data au kuzuia video zisianze zenyewe. Washa.

Halafu kwenye faragha ya WhatsApp kuna swali la nani anaweza kukuingiza kwenye magrupu. Lipo kwa "kila mtu" mpaka ulibadilishe. Weka watu ulionao kwenye orodha yako tu. Grupu moja linaweza kubeba watu 1,024, na kila mmoja wao anaiona namba yako. Matapeli huingia kwenye magrupu ya namna hiyo kuchukua namba, na hili litarudi mbele.

Dalili: umeingia kwa dakika tano, umetoka baada ya saa mbili

Usijilaumu kwa hili mpaka ujue linavyotengenezwa. Gazeti lina ukurasa wa mwisho na taarifa ya habari ina muda wake wa kufunga. Ukurasa unaoteremka bila kufika mwisho ulibuniwa mwaka 2006 na Aza Raskin, na baadaye yeye mwenyewe alisema hadharani kuwa anajutia. Ukiondolewa mahali pa kusimama, mtu yeyote atapitiliza. Ongeza video inayoanza yenyewe na kengele ya kukujulisha kuwa mtu fulani ameposti tena baada ya kimya, utaelewa kwa nini kidole hakichoki.

Lakini kwa mtu wa biashara kuna chanzo kingine ninachokiona zaidi: anaingia mikono mitupu. Anafungua Instagram, ndipo anaanza kufikiria aweke nini. Akiwa bado anafikiri anaona posti ya mwenzake, kisha ya mwingine, na mchele jikoni unaungua.

Dawa ni kuandaa nje. Chagua picha ukiwa bado kwenye galari. Andika maneno kwenye daftari la simu: kitu gani, saizi zipi, bei gani, unapatikana wapi. Ukimaliza, ingia, bandika, jibu waliouliza, toka. Jipangie nyakati mbili za kujibu, tuseme saa nne asubuhi na saa kumi na moja jioni, na waandikie wateja nyakati hizo ili wasidhani umewapuuza. Kengele zizime zote isipokuwa za ujumbe na komenti za watu.

Simu za Android zina Digital Wellbeing na iPhone zina Screen Time, zote tangu 2018, na zinakuonyesha umekaa dakika ngapi kwenye kila programu. Ziangalie kama mizani, kwa wiki moja, bila kujibadilisha, upate ukweli. Kuzitumia kama kufuli sizitegemei sana, kwa sababu ufunguo unao mwenyewe na wengi huongeza dakika kumi na tano mara nne. Kinachosaidia zaidi kwa wateja wangu ni kuitoa programu kwenye ukurasa wa kwanza wa simu, na kutoka kabisa kwenye akaunti kila usiku. Kule kuandika nywila upya asubuhi kunampa mtu nafasi ya kujiuliza anaingia kufanya nini. Kuangalia vichekesho baada ya kazi si kosa. Kosa ni kuviangalia ukidhani upo kazini.

Dalili: laiki zipo, mteja hayupo

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo watu wanapokata tamaa.

Chanzo cha kwanza ni kuficha bei. "Bei njoo inboksi." Najua sababu zinazotolewa: washindani wasijue, mteja asikimbie kabla hujamshawishi. Lakini jiweke kwenye nafasi ya anayenunua. Yupo kwenye daladala, ana shilingi elfu thelathini, ameona viatu. Akiona bei ni elfu ishirini na tano, ameshaanza kuwaza atavivaa na nini. Asipoiona, inabidi aandike, asubiri, halafu aone aibu kusema ni ghali. Wengi hawaandiki. Wanaweka laiki wanapita. Mshindani wako naye bei atakayoitaka ataipata, atatuma mdogo wake aulize. Weka bei. Kama inapungua kwa jumla, andika inapungua kuanzia pea ngapi.

Chanzo cha pili ni cha kiufundi na karibu kila mtu hakijui. Status ya WhatsApp anaiona yule tu ambaye wewe umehifadhi namba yake na yeye amehifadhi yako. Upande mmoja ukikosekana, hakuna kitu. Kijana anayeuza vifaa vya umeme alinilalamikia kuwa watu 19 tu ndio wanaoona status zake na ana wateja zaidi ya mia tatu. Nikamwomba simu. Wateja wake wote walikuwa namba tupu, hakuna jina hata moja lililohifadhiwa. Orodha ya kutangazia watu wengi kwa mpigo nayo ina sharti kama hilo: ujumbe unamfikia aliyehifadhi namba yako tu. Kwa hiyo kila mteja akilipa, mwambie palepale, "Hifadhi namba yangu uone mzigo mpya," na wewe hifadhi yake kwa jina na alichonunua. Kijana yule alikaa na simu yake jioni mbili akiandika majina. Status ile ile, picha zile zile, watazamaji wakapanda kupita mia.

Cha tatu: njia ya kukufikia imekatika. Namba imeandikwa kwenye picha, haiwezi kunakiliwa. Au kiungo kimewekwa kwenye maelezo ya posti ya Instagram, ambako hakibonyezeki. Kiungo mahali pake ni kwenye wasifu. Tengeneza hivi: wa.me, mkwaju (/), halafu namba yako ikianza na 255, bila alama ya kujumlisha na bila sifuri ya mwanzo. Mtu akibonyeza anatua moja kwa moja kwenye mazungumzo nawe, awe Tabata au Muscat. Wenye ndugu Oman na ughaibuni kwingine mnajua jinsi namba inayoanza na 07 inavyowasumbua.

Cha nne: hakuna anayejua upo wapi. "Dar es Salaam" si anwani. Andika mtaa, kituo cha daladala, jengo, ghorofa, na kitu cha kutazamia. "Kariakoo, Mtaa wa Msimbazi" bado ni mbali kwa mtu anayetembea juani na mtoto mgongoni. Mwambie mlango uko upande gani.

WhatsApp Business, iliyotoka Januari 2018, ni bure, na inakupa mahali pa kuandika saa za kazi, orodha ya bidhaa zenye bei, na majibu ya haraka kwa maswali yaleyale ya kila siku. Nashangaa bado naona wauzaji wanaojibu "bado ipo?" mara arobaini kwa siku kwa vidole vyao.

Kuhusu kununua wafuasi: usinunue. Wafuasi elfu kumi wasiojua Mbagala ni wapi hawataleta gauni hata moja, na programu ikiona hawagusi posti zako, itaona hata wa kweli hawazitaki.

Dalili: ndugu wanaombwa hela kwa jina lako

Mama mmoja anayeuza chapati jirani na stendi alikuja akitweta, khanga imemdondoka begani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mdogo wangu kanipigia kutoka Morogoro, ananiuliza naumwa nini mpaka nalazwa. Nimemtumia meseji lini mimi?"

Nikaichukua simu. WhatsApp ilikuwa imemtoa, inamwomba aingize namba upya. Nikamuuliza kama kuna mtu alimwomba namba zilizoingia kwa meseji. Akakaa kimya, akaitazama ile simu, akasema taratibu, "Yule wa grupu la kikoba. Alisema kazituma kwangu kwa bahati mbaya."

Hiyo ndiyo njia yenyewe. Tapeli huandika namba yako kwenye simu yake, WhatsApp inatuma tarakimu sita kwako kuhakikisha ni wewe, na yeye anakuja kukuomba kwa upole, mara nyingi akitumia akaunti ya mtu unayemjua ambaye naye amedukuliwa jana. Ukizitoa, umempa ufunguo. Kisha wanaandikiwa watu wako wa karibu: naumwa, nimekwama njiani, nitumie kwenye namba hii.

Fuata mpangilio huu, na usiupindue. Kwanza piga simu za kawaida kwa watu wawili au watatu wenye sauti katika familia, wawatangazie wengine kuwa asitume mtu hela. Watu wengi huanza kuhangaika na simu wakati hela inaendelea kutumwa. Pili, ingiza namba yako upya kwenye WhatsApp na uweke tarakimu zitakazokuja kwako. Ukiziweka tu, tapeli anatolewa. Ikiwa programu inadai namba ya siri usiyoijua, tapeli ameiweka yeye, na utasubiri siku saba kabla ya kuruhusiwa kuingia bila hiyo namba. Tulia, kwa sababu hata katika siku hizo saba yeye hayumo. Tatu, kama kuna aliyekwisha kutuma hela, apige huduma kwa wateja ya mtandao wake dakika hiyohiyo, akiwa na kumbukumbu ya muamala. Nne, tuma ujumbe wa tapeli na namba yake kwenda 15040, namba iliyotengwa Tanzania kwa kazi hiyo, kisha nenda polisi.

Ukirudi ndani, angalia vifaa vilivyounganishwa na uondoe chochote usichokijua. Halafu weka uthibitishaji wa hatua mbili: mipangilio, akaunti, uthibitishaji wa hatua mbili. Unachagua namba ya siri ya tarakimu sita na barua pepe ya kuirejesha. Kipengele hiki kipo tangu 2017, na bado simu nyingi zinazofika mezani kwangu hazina. Ukikiweka, hata ukiteleza ukatoa zile tarakimu za meseji, mwizi atakwama mlangoni.

Angalia pia kama simu zako zinaelekezwa kwa mtu mwingine. Matapeli wengine humwambia mtu apige namba yenye nyota na alama ya reli, na kumbe anahamisha simu zake zote ziende kwao. Kwenye mitandao mingi, ukipiga ##002# uhamishaji wote unafutika. Na *106# itakuonyesha laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukikuta usiyoijua, nenda dukani kwa mtandao husika ikafungwe.

Mama yule alirudi kesho yake kuniomba nimwekee hatua mbili na dada zake watatu. Walikuja na simu zao kwenye mfuko mmoja. Tukakubaliana nao pia neno la familia: anayeomba hela kwa maandishi anapigiwa, anasikika sauti, anaulizwa jambo la nyumbani.

Dalili: akaunti yako mwenyewe inakukataa

Unaandika nywila, inakataa. Unaomba kurejesha, inasema imetuma namba za siri kwenye simu inayoishia na tarakimu usizozijua. Unabaki unatazama wafuasi wako elfu nne kupitia simu ya jirani.

Chanzo naomba nikiseme wazi kwa sababu kinatuhusu sisi watu wa simu. Mtu ananunua simu mpya, hana barua pepe, na muuzaji anataka kumaliza aende kwa mteja mwingine. Anamfungulia Gmail harakaharaka, anabuni jina, anaweka namba yake mwenyewe ya kurejeshea, na nywila haiandikwi popote. Mteja anaondoka na furaha. Juu ya Gmail hiyo inajengwa Facebook, juu ya Facebook inajengwa Instagram ya biashara, na miaka inapita. Siku simu ikiibiwa, nyumba nzima imekaa juu ya kiwanja cha mtu mwingine. Mafundi na wauzaji wenzangu, tuache. Mteja aandike mwenyewe, hata kama itachukua nusu saa.

Chanzo cha pili ni laini. Uliifungulia akaunti kwa namba ya zamani, ukaacha kuiwekea vocha, ikafungwa, na baadaye mtandao ukaiuza kwa mtu mwingine. Sasa yeye ndiye anayepokea namba zako za siri, na hana kosa lolote.

Kwa hiyo, leo hii kabla hujapata tatizo, fungua barua pepe yako na uangalie namba ya kurejeshea ni ya nani. Fanya vivyo hivyo Facebook na Instagram. Kama unabadilisha laini, WhatsApp ina sehemu ya kubadilisha namba, itumie kabla hujaiacha ya zamani. Nywila ziandike kwenye daftari, ulifungie kabatini. Watu wa kompyuta wanaweza kunipinga kuhusu daftari, lakini mwizi wa mtandaoni hafiki kwenye kabati la Tandika, na wateja wangu wengi wamepoteza akaunti kwa kusahau kuliko kwa kuibiwa daftari.

Ukiuza simu, toka kwanza kwenye akaunti zote, kisha ifute kabisa irudi kama ilivyotoka kiwandani. Nimenunua simu za mkononi ambazo Facebook ya mwenyewe ilikuwa bado wazi, na picha za watoto wake zipo.

Dalili: mtu anatembea na sura yako

Akaunti mpya imefunguliwa kwa jina na picha yako, inauza mikopo au inatongoza watu. Hapa watu wanakosea kwa kuitisha kampeni: "Ripotini wote!" Instagram husikiliza taarifa ya mtu anayeigizwa mwenyewe au anayemwakilisha kihalali, na fomu yao itakuomba uthibitisho wa kitambulisho. Ripoti wewe, kwa fomu hiyo. Marafiki wasaidie kutahadharisha watu. Kabla akaunti haijafutwa, piga picha za skrini zenye jina lake kamili la mtumiaji na namba za simu ilizotumia, kwani polisi watazihitaji.

Dalili: ukijitafuta unakutana na mtu wa zamani

Andika jina lako kwenye Google, ndani ya alama za kunukuu, kisha na mji wako, kisha na kazi yako. Fanya hivyo ukiwa umetoka kwenye akaunti zako, uone kile anachokiona mwajiri au mkwe mtarajiwa. Wengi hukuta Facebook ya sekondari: picha za mapozi, matusi ya mpira, maoni makali ya siasa za miaka ile.

Facebook ina mpangilio unaozifanya posti zako zote za zamani zilizokuwa wazi zionekane na marafiki tu, kwa mkupuo mmoja. Upo kwenye faragha, na ukishaubonyeza huwezi kuurudisha kwa mkupuo, lakini sijaona aliyejuta. Zile zinazobaki kwa marafiki, pitia kumbukumbu ya shughuli mwaka baada ya mwaka. Akaunti usiyoihitaji tena ifute kabisa badala ya kuisitisha. Facebook inakupa siku 30 za kubadili mawazo, na kabla ya kuifuta pakua nakala ya picha zako, kwa kuwa za marehemu babu zinaweza kuwa humo tu. Ikiwa ukurasa umeshafutwa lakini Google bado inauonyesha, Google wana fomu ya kuomba matokeo yaliyopitwa na wakati yaondolewe.

Kufuta peke yake hakutoshi, kwa sababu nafasi tupu haimwambii mtu lolote juu yako. Weka kitu kimoja kizuri kinachobeba jina lako kamili: wasifu wa LinkedIn kama unatafuta kazi ya ofisi, ukurasa wa biashara wenye anwani kama una mikono ya kazi. Kijana wa kuchomelea mageti hapa mtaani aliweka picha kumi na mbili tu, kila moja ikiwa na mtaa ilipofungwa na siku alizotumia kuitengeneza. Anayemtafuta anakutana na mageti yake kwanza.

Na watoto, tafadhali. Picha ya mtoto akiwa na sare ya shule na nembo yake, ikiwa wazi kwa kila mtu, inasema anapopatikana kila siku saa nane mchana. Mtumie bibi yake kwenye WhatsApp.

Dalili: umeandika, sasa unatamani usingeandika

Kwenye WhatsApp unaweza kuhariri ujumbe ndani ya dakika 15, na kuufuta kwa wote ndani ya siku mbili na kidogo. Futa, lakini hesabu kwamba kuna aliyepiga picha ya skrini. Ukiwa umemkosea mtu, omba radhi mahali palepale ulipokosea, kwa maneno machache, bila "kama kuna aliyekwazika". Usifungue posti ya pili kujieleza, wala usijibu komenti za usiku.

Kama ulichotuma ni habari uliyoipokea, tazama alama juu yake. Mishale miwili maana yake imepita mikono mingi, watu watano au zaidi wameshaisukuma kabla yako, na tangu Aprili 2020 WhatsApp haikuruhusu kuituma kwa zaidi ya mtu au grupu moja kwa wakati mmoja. Ukiona mishale hiyo juu ya dawa, ajali au kifo cha mtu, muulize aliyekutumia ameitoa wapi. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya Tanzania ya mwaka 2015 inagusa taarifa za uongo na unyanyasaji wa mtandaoni, Kenya wana ya kwao ya 2018, na "nilitumiwa tu" ni neno dogo sana la kusimama nalo mbele ya hakimu.

Kwa mfanyabiashara anayetukanwa kwenye komenti: jibu mara moja, hadharani, kwa heshima, ukitaja utakachofanya na lini. "Pole kaka, gauni lirudishe kesho nilirekebishe bila malipo." Kisha hamia kwenye simu. Yule dada mshonaji aliandika hivyo hivyo, mwenye gauni akalileta Jumamosi, na komenti ile hajaifuta mpaka leo.